Kijana na mkopo: jina lako ndilo dhamana yako



Mwezi huu tunataka kuongea juu ya deni. Si habari tamu, tunajua. Mtu akishikwa na homa anasema. Akiwa na njaa anasema. Lakini akiwa na deni ananyamaza, anabadilisha njia ya kwenda sokoni, na simu ikilia anaiangalia tu mpaka inyamaze. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunaijua njia hiyo ya kuzunguka, kwa maana mmoja wetu ameipita. Ametupa ruhusa tueleze yaliyompata, bila kutaja jina, ili kijana mwingine asianguke palepale.

SAFARI YA CHISENGA

Mwenzetu huyo alikuwa na miaka 21. Mwaka uliopita, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, alisikia vijana wakisema chisense wanapatikana Chisenga kwa bei ya chini. Wengi wenu mnapafahamu Chisenga, kile kisiwa cha wilaya ya Nchelenge, upande ule mto Luapula unapoingia katika ziwa Mweru. Wavuvi wanavua chisense usiku kwa taa, asubuhi wanaanika, na wachuuzi wanakuja na magunia yao. Anayenunua kisiwani na kuuza Kashikishi, au huku kwetu Mantapala, anaweza kupata faida. Hilo si uongo, kuna mama wengi wanaolisha watoto kwa kazi hiyo.

Makuta hakuwa nayo. Akaenda kwa mtu mmoja anayekopesha kwa kaloba. Kwa wale wageni wa Zambia, kaloba ni mkopo wa mtaani: unachukua leo, mwezi ukiisha unarudisha zote pamoja na nyongeza, mara nyingi nusu ya ulichochukua, na wengine wanadai hata mara mbili. Mwenzetu alichukua K600, akakubali kurudisha K900.

Mkopeshaji akamwuliza: "Unaniachia nini?" Kijana akaacha simu yake. Haikutosha. Basi jioni akarudi nyumbani, akafungua sanduku la mama yake, akatoa kadi ya familia ya kupokelea posho, akaipeleka. Ugawaji wa mwezi ule ulikuwa umekwisha. Akajisemea moyoni: "Ni mwezi moja tu. Mama hatajua."

Kisiwani alifika mwezi ukiwa mpevu. Chisense wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haina nguvu. Siku hizo wavuvi wengi wanashona nyavu na kupumzika. Akangoja karibu wiki nzima, akila pesa ya mtaji. Giza liliporudi na samaki kutoka, wachuuzi walikuwa wengi, bei ikapanda. Akanunua alichoweza, akaanika, na mvua za mwezi wa kumi na moja zikashuka juu ya samaki. Waliobaki wazima aliwauza kwa K510.

Alifikiri atarudi tena kisiwani kusudi afidie. Lakini tarehe 1 Desemba ikafika, na ziwa likafungwa kwa uvuvi mpaka mwisho wa Februari, kama kila mwaka. Safari ya pili ikafa.

Tunamwuliza mpaka leo: na zile K510 ulizifanyia nini? Jibu lake ni lile la watu wengi. Aliona haya kupeleka pesa pungufu. Akasema, "Nikipata zote nitalipa mara moja." Akakaa nazo, na pesa iliyokaa mfukoni haikai muda mrefu. Mkate hapa, uniti pale, mpaka zikaisha.

Katikati ya Desemba ilikuwa siku ya ugawaji. Mama akaamka mapema, akavaa kitenge chake, akafungua sanduku. Akatoa nguo moja moja. Akageuza sanduku chini juu. Mtoto wake alikuwa amesimama mlangoni, hasemi kitu. Mama akamtazama, akaelewa kabla hajaambiwa.

Siku ile familia haikupokea. Jirani mmoja aliwapa unga kidogo, na wa pili akawapa maharagwe, yote ya kurudisha. Ona jambo hili, ndugu msomaji: deni la kijana mmoja lilizaa deni la nyumba nzima kwa asubuhi moja.

HESABU IFANYWE KABLA, SI BAADA

Baadaye tulikaa naye chini tukaandika hesabu yake yote kwa daftari. Tunaiweka hapa.

Gari na mashua, kwenda na kurudi: K130
Chakula cha siku za kungoja: K60
Magunia na ushuru: K30
Chisense: K380
Jumla: K600

Tukamwuliza: kama mvua isingenyesha, na samaki wote wangefika wazima, ungeuza kwa ngapi? Akafikiri, akasema: "Labda K850." Na deni lilikuwa K900.

Kumbe hata mvua isingenyesha, angepungukiwa na K50. Biashara ile ilikuwa imekufa siku ile ile alipokubali masharti, kabla hajapanda mashua. Mvua na mbalamwezi viliongeza tu ubaya. Kama angeandika hesabu hii kabla, kwa dakika kumi, angekataa ule mkopo mwenyewe bila kushauriwa na mtu.

Sasa tuchukue safari ile ile, lakini kwa mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi, kama vikundi vingi vya akiba vinavyotoza. K600 inarudishwa K660. Akiuza kwa K850 anabaki na K190. Samaki ni wale wale, jasho ni lile lile. Kinachobadilika ni bei ya pesa. Vijana wetu wanajua bei ya chumvi, ya sukari na ya mafuta. Lakini pesa nayo ina bei yake, na wengi hawaiulizi.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa, jiulize maswali matatu na uyaandike:

1. Nitarudisha ngapi kwa jumla? Usiulize tu nachukua ngapi.
2. Pesa ya kurudisha itatoka wapi? Taja kitu chenyewe: gunia, kibarua, mavuno, mshahara. "Mungu atasaidia" ni sala nzuri, lakini si hesabu.
3. Itatoka siku gani, na siku ya kulipa ni gani? Kama siku ya kulipa inatangulia siku ya kupata, umekwisha kushindwa.

KALENDA MBILI ZA ZIWA

Kwa sisi tunaoishi karibu na Mweru, swali la tatu lina uzito wa pekee. Mkopeshaji anahesabu siku 30. Ziwa halihesabu hivyo. Ziwa lina kalenda ya mwezi wa angani: usiku wa giza kuna chisense, usiku wa mbalamwezi hakuna kitu. Tena lina kalenda ya serikali: kutoka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa ili samaki wazae. Mtu anayekopa mwezi wa kumi na moja kwa ajili ya samaki anakopa mlango ukiwa unafungwa.

Sisi wakimbizi tuna kalenda ya tatu juu ya hizo, nayo ni siku za kungoja karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Wiki ya kungoja karatasi ni wiki ya nyongeza inayokimbia. Ukikopa, kopa baada ya kupata ruhusa.

Na yule anayelima aangalie vilevile. Mkopo wa mbegu unaotakiwa kulipwa kabla ya mavuno si mkopo wa mkulima. Mwombe mwenye pesa aweke siku ya kulipa baada ya mavuno. Kama hakubali, ni afadhali kulima kipande kidogo kwa mbegu ulizonazo.

MAJI YANAVYOPANDA

Watu wanafikiri deni la K600 kwa nusu ni K900 basi. Lakini usipolipa siku yenyewe, wakopeshaji wengi wa kaloba wanachukua ile K900 na kuongeza nusu yake tena. Angalia:

Mwezi wa kwanza: K900
Mwezi wa pili: K1,350
Mwezi wa tatu: K2,025
Mwezi wa ine: zaidi ya K3,000

Kwa miezi mine deni limekuwa mara tano. Hakuna biashara ya samaki, ya salaula wala ya mafuta inayokua kwa mwendo huo.

Kuna tena mtego wa pili, ulio mpole zaidi. Mkopeshaji anakuambia: "Leta nyongeza tu, ile yenyewe itangoja." Unapeleka K300 kila mwezi, unafurahi hakuna ugomvi. Miezi mine imepita, umelipa K1,200, na bado unadaiwa K600 ile ile ya siku ya kwanza. Kwa hiyo kila ukilipa, uliza: imepungua nini? Na iandikwe.

Kuandika ni ulinzi wenu wote wawili. Andikeni tarehe, kiasi, nyongeza, siku ya kulipa, na majina ya mashahidi wawili. Andikeni pia ni pesa gani, kwacha ama franka. Kumbukeni kwamba mwaka 2013 Zambia ilitoa sufuri tatu, K1,000 ya zamani ikawa K1. Kuna watu waliozoea kuhesabu kwa maelfu ya zamani, na neno "elfu hamsini" likisemwa haraka linaweza kuleta ugomvi. Tarakimu kwenye karatasi haigombani na mtu.

MKOPO WA SIMU

Vijana watasema: "Kaloba ni ya wazee, sisi tunakopa kwa simu." Ni kweli simu imefungua mlango. Kule Kenya, mkopo wa M-Shwari ulianza Novemba 2012, na watu wengi ambao benki haikuwajua walipata pesa bila kupanga mstari. Ulitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Ni nafuu sana kuliko kaloba. Lakini mtu anayeurudia kila mwezi, mwaka mzima, ametoa kama asilimia 90 ya pesa anayokopa. Kitu kidogo kikirudiwa mara nyingi ni kikubwa.

Na si kila anayekopesha kwa simu ni mtu mwema. Huko Tanzania mikopo migumu ya mtaani imepewa jina la "kausha damu". Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya programu za namna hiyo zinachukua namba zote zilizo ndani ya simu yako, na ukichelewa zinawatumia ujumbe baba mkwe, mwalimu na mchungaji: "Huyu ni mdaiwa sugu." Kwa hiyo, programu ikiomba kusoma namba za watu wako, ujue inaomba dhamana. Dhamana hiyo ni aibu yako.

KADI YA FAMILIA SI DHAMANA

Hapa tunasema kwa nguvu, kwa maana ndipo mwenzetu alipokosea zaidi. Simu ilikuwa yake. Kadi haikuwa yake. Kadi ya posho ni chakula cha watoto ambao hawakukopa kitu. Na kitambulisho cha mkimbizi ni karatasi inayosema wewe ni nani mbele ya polisi, hospitali na ofisi. Mtu akikishika, amekushika wewe mwenyewe.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Kule Kenya, Kakuma na Kalobeyei, wakimbizi walianza kupewa sehemu ya msaada kwa pesa badala ya unga. Msaada ukichelewa au ukiwa haba, familia zilikopa chakula dukani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza Kalobeyei na kuandika mwaka 2020 walikuta familia nyingi sana zinadaiwa na maduka, na wengine wamemwachia mwenye duka kadi yao ya benki au laini ya simu inayopokea msaada. Matokeo yake ni nini? Familia haiwezi kwenda duka lingine hata bei ikiwa mbaya. Pesa inafika, inapita mkononi mwa mwenye duka, na deni linaanza upya. Hatusemi wenye maduka wote ni wabaya, maana bila wao wengi wangelala njaa. Tunasema tu kwamba mtu aliyetoa kadi yake ametoa na uhuru wa kuchagua.

Kwa dada zetu vijana tunaongeza neno moja. Kuna wakopeshaji ambao hawaombi kadi wala simu. Wanasema, "Usijali, tutaelewana." Deni lisilo na bei iliyotajwa wazi ndilo la bei kubwa kuliko yote. Kataa. Na kama umekwisha ingia, mwambie mama, au yaya, au mwanamke wa kamati unayemwamini. Kosa si lako, ni la yule anayetumia shida yako.

LIKELEMBA NA SANDUKU

Sasa, kama pesa ya haraka ni hatari, kijana aanze vipi? Wazee wetu walijua njia. Kongo tunaiita likelemba, wenyeji wa hapa wanaiita chilimba, Tanzania ni upatu. Watu kumi, kila mmoja K50 kila wiki mbili, na kila zamu mmoja anachukua K500 nzima. Hakuna nyongeza.

Lakini tuwaambie jambo ambalo vijana wengi hawalioni. Katika likelemba, anayepokea wa kwanza ni mdaiwa wa wenzake tisa. Anayepokea wa mwisho ni mtu aliyeweka akiba. Wa katikati ni nusu na nusu. Kwa hiyo yule anayechukua zamu ya kwanza halafu "anasahau" kuchanga hajaacha mchezo, amekula pesa za watu tisa. Mkianzisha, wapeni zamu za mwanzo wale mnaojua kwao na kazi yao, na mgeni apokee mwishoni mpaka mmzoee.

Njia ya pili ni kikundi cha akiba chenye sanduku, ambacho hapa Zambia watu wanakiita benki ya kijiji. Namna hii ilianza Niger, sehemu za Maradi, mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na kina mama wa vijijini, na leo imeenea Afrika nzima. Wanachama kama kumi na tano au ishirini na tano wanakutana kila wiki. Kila mmoja ananunua hisa kwa uwezo wake. Pesa inahesabiwa mbele ya wote na kuwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa, kwa kawaida si zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na nyongeza anayolipa haiendi kwa tajiri, inabaki sandukuni. Mwisho wa mwaka wanagawana akiba pamoja na faida. Kuna pia mfuko mdogo wa matanga na ugonjwa.

Ubora wake si nyongeza ndogo tu. Kile kiwango cha mara tatu kinakuzuia kukopa zaidi ya nguvu zako. Kwa kaloba, hakuna anayekuzuia.

Tena kuna mikopo ambayo haifai kuchukuliwa kwa nyongeza hata kama ni ndogo: simu ya kujionyesha, nguo za sikukuu, bia, na michezo ya kubahatisha. Vitu hivyo havileti pesa ya kujilipa. Na harusi vilevile. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kijana anayekopa mahari kwa kaloba anaanza ndoa na mtu wa tatu ndani ya nyumba, naye anakuja kila mwisho wa mwezi.

UKISHINDWA KULIPA

Turudi kwa mwenzetu. Siku ile ile ya ugawaji, baba yake hakumpiga. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Twende." Wakaenda watatu, baba, kijana na kiongozi wa bloku, mpaka kwa mkopeshaji. Kijana akasema mwenyewe, kwa mdomo wake: "Muzee, mi minashindwa. Sikukuja kukimbia, nimekuja kusema."

Mkopeshaji alikuwa amejitayarisha kugombana, si kusikilizwa. Walikaa saa mbili. Wakakubaliana hivi: kadi inarudi leo. Deni linasimama kwenye K900, haliongezeki. Linalipwa mara ine, K225 kila mwezi. Simu inabaki kwake mpaka ya mwisho. Wakaandika, wakatia sahihi.

Ya kwanza ilitoka kwa yaya yake, aliyeuza vitenge viwili alivyokuwa amejiwekea. Ya pili na ya tatu kijana alizipata kwa kufyatua matofali na kulima mashamba ya watu. Ya mwisho ilitoka mwezi wa tatu, ziwa lilipofunguliwa, akibeba magunia ya wengine. Simu ilirudi ikiwa na ufa kwenye kioo. Anasema haikumsumbua. Kinachomsumbua ni vile vitenge, na bado anaweka pesa kidogo kidogo kusudi avirudishe.

Kwa hiyo, ukishindwa, fanya haya:

1. Nenda kabla siku ya kulipa haijafika, usingoje kutafutwa. Mtu anayekuja mwenyewe anaaminika bado.
2. Peleka ulichonacho, hata kama ni kidogo. Kama mwenzetu angepeleka zile K510 mapema, deni lingepungua zaidi ya nusu.
3. Omba nyongeza isimame, na malipo yagawanywe. Nenda na mtu mzima anayeheshimiwa, na mwandike.
4. Usikope kaloba ya pili kulipa ya kwanza. Hapo unazima moto kwa mafuta ya taa.
5. Usitoroke.

Wengine wanaogopa kufungwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Zambia iliingia mwaka 1984, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Kushindwa kulipa si sawa na kuiba. Lakini kuchukua pesa kwa uongo ukijua hutalipa, au kutumia kadi ya mtu mwingine, hiyo ni habari nyingine, na polisi wanaweza kuingia. Kwa upande wa mkopeshaji pia, hana ruhusa ya kukupiga wala kuingia nyumbani na kubeba sufuria. Akifanya hivyo, peleka jambo kwa viongozi wa bloku na polisi.

NENO KWA WAZAZI, NA NENO LA MWISHO

Wazazi, tunawaomba jambo moja. Kijana akija kusema ana deni, msikilizeni mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Mwenzetu alinyamaza wiki nyingi si kwa sababu alikuwa mwizi. Aliogopa sura ya baba yake. Deni linalosemwa mwezi wa kwanza ni K900. Linalofichwa mpaka wa tatu ni K2,025. Hasira yenu inaweza kugharimu tofauti hiyo.

Na tukumbuke tulivyo hapa. Wengi wetu tulivuka mwaka 2017 na vitu vya kubeba kichwani, tukapita Kenani, tukaja Mantapala kuanzia 2018. Waliotutangulia mwaka 1999 na kuendelea waliishi Kala na Mwange mpaka kambi hizo zikafungwa mwaka 2010. Desemba 2021 makundi ya kwanza yalianza kurudi kwa hiari upande wa Pweto. Siku moja kila mmoja wetu ataondoka, kwa njia moja au nyingine. Kuna watu walioondoka usiku na kuwaachia wadhamini deni, na hadi leo majirani wanataja majina yao kwa uchungu. Kuna wengine waliopita nyumba kwa nyumba wakilipa, hata K5 ya chumvi. Hao nao wanatajwa, na ndugu zao waliobaki wanakopeshwa bila kuulizwa dhamana.

Huku ugenini wengi wetu hatuna hati ya shamba wala nyumba ya matofali ya kumwonyesha benki. Tulichovuka nacho ambacho hakuna aliyeweza kutunyang'anya ni jina. Mtu anaposema, "Huyu ni mtoto wa fulani, mpe, atarudisha," hiyo ndiyo benki yetu. Kijana, usiiweke jina lako rehani kwa safari ya gunia moja ambayo hukuipigia hesabu.

Dawa ya deni ni kulipa. Na chanjo yake ni kalamu na karatasi, kabla ya kupanda mashua.

Mwenye swali au habari yake juu ya jambo hili atuandikie, au atukute siku ya mkutano wa bloku. Hatutaandika jina lake. Mbakie na amani, tukutane mwezi ujao.